Puti Haisemi

Kwetu Mwanza hakuna baridi ya kumfungia mtu ndani. Wenzetu wa Ulaya wenye magari ya zamani, theluji ikianguka tu, wanaingiza gari gereji na kushinda humo miezi mitatu, wanabadilisha hiki, wanaongeza kile, mpaka jua lirudi. Sisi tuna mvua. Machi na Aprili zikikolea, njia ya mtaani kwetu Nyakato inageuka tope, na gari la kutembelea kwa raha linakuwa halina pa kwenda. Linakaa bandani. Sasa mpe mtu gari bandani, mvua inagonga bati, spana ziko karibu. Lazima ataanza kuchokonoa.

Masika ya mwaka huu nilichokonoa Datsun ya baba. Nilianza na vitu vidogo vidogo, nikaishia kwenye swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Ukirekebisha kitu cha zamani, unawiwa kumwambia nani ulichokifanya? Na kama kusema kutaigharimu familia hela, nani anapaswa kulipa?

Najua swali limekaa kama mtihani wa kidato cha sita. Ngoja nieleze lilivyonifikia.

*

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS ya mwaka 1970. Ukilitazama harakaharaka ni gari la kawaida la milango minne, limenyooka kama sanduku. Wanaojua wanajua. Lina injini ya sentimita za ujazo 1,595, kabureta mbili badala ya moja, breki za diski mbele, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja linacheza kivyake likikanyaga shimo. Mwaka huohuo wa 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari kwa gari la aina hii. Mwaka uliofuata walishinda tena, safari hiyo kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaipa 240Z ushindi wake wa pili. Mashindano hayo yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, na baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua. Tope halikuwa bahati mbaya. Tope ndilo lilikuwa mtihani wenyewe.

Kwa hiyo kijana wa miaka ya sabini aliyekuwa na SSS hakuwa na gari tu. Alikuwa na kipande cha hadithi ambayo watu waliifuata redioni. Baba alikuwa karani kwenye ushirika wa pamba, na mshahara wa karani haununui hadithi kama hiyo. Alilipata mwaka 1972 kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahama nchi. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imetaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kiasia zilikuwa zinafunga mizigo. Baba alilipa kiasi gani, hajawahi kuniambia. Nitarudi hapo.

Leo baba ana miaka 79. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno yanamtoka moja moja kwa tabu, kama mtu anayeokota punje za mchele sakafuni. Kuna dawa za presha, kuna mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, kuna msaidizi wa kumgeuza usiku. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kaka yangu yuko Dar es Salaam na mambo yake yanaenda kwa kusuasua. Datsun ilikuwa bandani tangu baba alipougua, na sote tulijua siku moja itabidi iuzwe. Tulikuwa tunaogopa tu kulitamka.

*

Mradi wa kwanza ulikuwa taa. Taa za mbele zilikuwa zinawaka kama mshumaa uliokata tamaa. Fundi umeme akanieleza kwamba katika magari ya enzi zile, umeme wote wa taa unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ndani, halafu ndiyo unarudi mbele kwa waya mwembamba wenye miaka hamsini. Njiani unachoka. Dawa yake ni rilei mbili na fyuzi. Swichi inabaki na kazi ya kutoa amri tu, na umeme wenyewe unatoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Kazi ya asubuhi moja. Jioni ile nikawasha, ukuta wa jirani ukang'aa mpaka mbwa wao akabweka.

Mradi wa pili ulikuwa majani. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingiza hewa. Maji ya mvua nayo yanaingia hapohapo, na yanatakiwa yatoke kwa vijitundu vya pembeni. Gari linakaa chini ya mwembe, na bandani kwetu bati haliziki kila kitu. Nilitoa karibu nusu ndoo ya majani meusi yaliyooza. Hayo ndiyo yanayoua magari ya Mwanza. Ziwa letu halina chumvi, upepo wake hauli bati kama upepo wa bahari ya Dar, ndiyo maana watu wa pwani wanapenda bodi za magari ya bara. Ila maji yakilala mahali pamoja, kutu haiulizi kama ni ya chumvi au baridi. Nikakata kipande cha wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, nikakifunga juu ya matundu. Majani hayaingii tena.

Mradi wa tatu, mipira ya milango. Ya asili ilikuwa imekauka kama ngozi ya samaki mkavu, na spea zake hazipatikani. Nikapasua tyubu za baiskeli, nikazibandika kwa gundi ya fundi viatu. Mradi wa nne, feni ya umeme kutoka Toyota iliyokufa, ili injini isichemke kwenye foleni ya pale Mabatini. Kila Jumamosi nilikuwa na kitu. Baba alikuwa anakaa kwenye kiti chake barazani, ananitazama. Nikimwonyesha kazi iliyokamilika, ananyanyua kidole gumba cha kushoto.

Nitasema kitu ambacho wapenzi wa vya kale hawatakipenda. Sikuona hatia yoyote. Kuna watu wanaamini gari la zamani liachwe kama lilivyotoka kiwandani, na kila waya mpya ni usaliti. Mimi naona gari ambalo taa zake hazioni halijahifadhiwa, limetelekezwa kwa heshima. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeshaitumia mwaka uliotangulia. Yeye na nduguye Jaswant waliichukua gari ya mtumba, wakaifumua na kuiunganisha upya kwa akili ya barabara za huku. Hakuna aliyesema wameidhalilisha.

Kwa hiyo sikuwa na tatizo na kuboresha. Tatizo lilianza nilipotoa betri ili nisugue kutu chini yake.

*

Pale ndani ya boneti, upande wa kushoto, mahali shokapu ya mbele inaposhika bodi, nilikuta kiraka. Bati nene, limechomelewa kwa gesi, mshono wake umevimba na kupinda kama kovu la kidonda kilichoshonwa usiku. Nikasugua na brashi ya waya. Chini ya grisi ikatokea rangi ya bluu, na juu ya bluu vipande vya herufi nyeupe ambazo hazikamilishi neno. Lilikuwa bati la pipa la mafuta.

Nikamuuliza mama.

"Hiyo ni mwaka ule wa foleni za sabuni," akasema, bila hata kuacha kuchambua mchicha. "Baba yako alipasua gari njia ya Musoma. Spea hakuna, hata ukiwa na hela. Akalala gereji siku tatu na fundi wake. Aliporudi ananuka moshi, anacheka peke yake."

Ukiijua miaka ya themanini ya mwanzo nchini kwetu, huhitaji maelezo zaidi. Watu walikata gasketi kwenye maboksi kwa kugongagonga na nyundo pembezoni mwa chuma. Bushi zilichongwa kwenye tairi kuukuu. Mama anasema kuna waliotia maji ya sabuni kwenye breki wakaendesha hivyohivyo huku wakisali. Kiraka cha pipa kilikuwa mtoto halali wa wakati wake. Na kilishika. Kimeshika miaka arobaini.

Ila kimeshika kwa mtu anayekijua. Baba alikuwa anaendesha taratibu, hakanyagi shimo kwa hasira, na kila mwaka alikuwa anafungua boneti kukagua mahali ambapo sisi watoto tulidhani anaangalia betri. Pembeni ya mshono sasa kuna ufa mwembamba kama unywele. Na pale ndipo gurudumu la mbele linapobebwa. Pakiachia ukiwa mwendo wa themanini, usukani unabaki mkononi mwako kama pambo.

Wiki hiyohiyo kaka akapiga simu. Kapata mnunuzi, bwana mmoja wa Dar anayekusanya magari ya zamani. Shilingi milioni 12. Sharti ni moja tu: bodi iwe orijino, haijaguswa na moto wa kuchomelea.

*

Hapa ndipo neno "puti" lilipoingia maishani mwangu kwa uzito wake wote.

Nilimwita fundi wa bodi. Si fundi wetu wa siku zote, huyu alipendekezwa na kaka. Akaangalia kiraka, akapiga mluzi. Kisha akanieleza mpango, taratibu, kama mwalimu mwenzangu anayefundisha mada aipendayo. Tunasaga mshono uwe bapa. Juu tunapiga bati jembamba jipya, kwa sababu siku hizi wanunuzi wanakuja na sumaku, na sumaku haishiki puti. Juu ya bati jembamba ndiyo puti, msasa, rangi. Tunapaka na vumbi kidogo ili pasionekane papya. "Mwalimu, hata mimi mwenyewe nikirudi baada ya mwezi sipaoni."

Nikampigia kaka. Nikamwambia habari za ufa.

"Mdogo wangu," akasema, "huyo bwana haendi nalo Musoma. Atalifunika shuka, atalitoa siku ya maonyesho. Na wewe unajua bili za Mzee. Hospitali haipokei falsafa."

Sikuwa na jibu. Kaka si tapeli. Alikuwa anasema jambo ambalo watu wengi wema wangelisema, na nusu yake ilikuwa kweli.

Nikaenda kwa fundi wetu wa zamani, mzee mmoja ambaye gereji yake iko chini ya mti, njia ya kwenda Igoma. Gereji bubu, kama tunavyoziita. Haina kibao, haina risiti. Siku zote nimeona jina hilo linawaonea. Hakuna mahali penye kelele kama pale. Nyundo, redio, ubishi wa Simba na Yanga, mteja anagombana na kijana aliyepoteza nati. Injini imelala wazi kwenye turubai, kila apitaye anaona kilichoharibika na anatoa ushauri usioombwa. Kama kuna ububu, upo kwenye ile rangi inayong'aa ambayo chini yake kuna jambo.

"Mwangaluka, mzee," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mwalimu. Datsun inasemaje?"

Nikamweleza yote. Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Puti ni kama pauda," akasema hatimaye. "Mimi sikatai pauda, napiga kila siku. Ila hupaki pauda kwenye kidonda."

*

Wasomaji wa blogu hii watakuwa wameshaikumbuka meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa wao, kila ubao ukioza wanauweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Karne ya kumi na saba Thomas Hobbes akalitia pilipili. Je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu zote na kuziunda tena meli, ipi ndiyo ya Theseus?

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda Athens. MV Victoria, iliyoanza kubeba watu ziwani mwanzoni mwa miaka ya sitini, ilirudi kazini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya na hata jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Waulize abiria wa Bukoba kama ni meli ileile. Wengi watakuambia "ndiyo" bila kufikiri, kisha watakuuliza inaondoka saa ngapi. Swali la utambulisho, ambalo limewala wanafalsafa usingizi, kwa abiria halina uzito. Lenye uzito ni lingine. Je, walioitengeneza wamesema walichobadilisha? Kuna anayejua kilichomo chini ya rangi?

Na huku kwetu swali hilo si la kujifurahisha. Nikienda kwa yule fundi mzee, napita jirani na mahali walipozikwa watu wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Sisemi kiraka cha Datsun na ajali ile ni jambo moja. Nasema mtu aliyekulia kando ya ziwa hili anajua maana ya kumpandisha mwenzako kwenye chombo ambacho wewe unajua jambo lake na yeye halijui.

Mfano ulionisaidia zaidi haukutoka kwa mabaharia. Ulitoka Ukerewe, kwa mwandishi. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945. Alitaka mila za watu wake zisipotee. Hakupata wa kuichapa. Miaka ikaenda, na mwishowe yeye mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili. Ndiyo hiyo Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotoka mwaka 1980. Yeye akafariki 1981. Sasa jiulize, ni kitabu kilekile? Kila neno limebadilishwa. Hakuna ubao hata mmoja wa zamani uliobaki. Na bado hakuna anayemlaumu Kitereza kwa kukisaliti kitabu chake, kwa sababu hakuficha. Kinajulikana kilianza kwa lugha gani, nani alikifasiri, na kwa nini. Mabadiliko yale yana mdomo.

Nikaona basi kwamba swali langu nilikuwa nimelishika mkia. Nilikuwa najiuliza kama nina haki ya kubadilisha gari la baba. Hilo halikuwa na shida. Rilei zangu, tyubu zangu za baiskeli, feni ya Toyota, zote ni mabadiliko makubwa kuliko bati jembamba la yule fundi wa bodi. Lakini yeyote akifungua boneti anaziona, na akiniuliza nitamweleza kwa furaha, nitamchosha kabisa. Kiraka cha baba nacho ni hivyohivyo, kibaya wa sura, kimekaa pale kinasema: hapa palipasuka, na sisi tulikuwa na pipa tu. Puti ndiyo pekee iliyotaka kuja kwenye gari lile ili ninyamaze. Tofauti ya kuboresha na kudanganya haipimwi kwa wingi wa ulichobadilisha. Ipimwe kwa hili: je, ulichofanya kinaweza kuvumilia kuelezwa mbele ya yule kitakayemhusu?

*

Kuna pingamizi mbili ambazo sitazikwepa.

Ya kwanza: mnunuzi ni mtu mzima, ana sumaku yake, ana fundi wake, akague mwenyewe. Kizuri chajiuza. Ningekubali kama ningemwachia gari lilivyo. Mtu akishindwa kuona kiraka kilicho wazi, nusu ya kosa ni lake. Lakini bati jembamba lilikuwa linawekwa mahsusi kwa ajili ya ile sumaku. Huwezi kumfunga mtu kitambaa machoni halafu ukamlaumu kwa kujikwaa.

Ya pili ni ya kaka, na ni nzito. Ukweli wangu ungelipwa na nani? Hapa ndipo nimewaona watu wengi wa maadili, na mimi nikiwemo, tunavyojipendelea. Tunasema ukweli, tunalala usingizi mtamu, na bili inakwenda kwa mwingine. Kama ningemwambia mnunuzi na bei ikaporomoka, anayepungukiwa si mimi mwenye dhamiri safi. Ni mzee aliyelala pale ndani, anayehitaji mtu wa kumgeuza usiku. Je, hiyo ni haki? Kuwa mwaminifu kwa mfuko wa mgonjwa?

Nililala na swali hilo siku nne. Siku ya tano nikapiga picha kiraka kwa simu, nikaenda kumwonyesha baba. Akaitazama muda mrefu. Kisha uso wake ukafunguka upande mmoja, ule unaofanya kazi.

"Pipa," akasema.

Akacheka. Mimi nikacheka. Sidai kwamba alinipa ruhusa. Alikuwa amekutana na kazi ya mikono yake, basi. Ila nilijua nisingeweza kuifunika kazi ile kwa bati la aibu, kama vile ndiyo dosari ya gari, wakati ndiyo sababu gari lipo.

Nikamtumia mnunuzi picha zote, pamoja na ufa. Akanyamaza siku mbili. Kisha akajibu kiungwana, akashukuru, akasema itabidi akate eneo lote na kulisuka upya, hivyo hawezi kuvuka shilingi milioni 7.5. Kaka hakunipigia simu wiki tatu.

Milioni 4 na nusu. Hiyo ndiyo bei ya ukweli kwenye nyumba yetu, na niliona kama mimi ndiye niliyeuchagua, mimi ndiye niulipie. Nikakopa tofauti hiyo kwenye SACCOS ya walimu, nikaiweka kwenye hesabu ya matibabu ya baba. Makato yatakwisha baada ya miezi 24. Sijisifu. Ukweli nilianza kuumia nao nilipoona salio la mwezi wa kwanza, na kuna siku nimesimama kituo cha daladala nikajiita mjinga kwa sauti. Lakini siku ile nilipotia saini ule mkopo ndipo nilipojisikia, kwa mara ya kwanza, kwamba nina haki ya kusema nilichosema. Kabla ya hapo nilikuwa mkarimu kwa mali ya mgonjwa.

*

Kabla gari halijapakiwa kwenye lori, nilinunua daftari la kaunta. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, ingawa wao walifikiria hesabu. Nikaandika kila kitu: rilei na fyuzi zilipo, wavu wa dirisha, tyubu za baiskeli, feni na namba yake. Nikamwomba mama anisimulie tena ya pipa, nikaiandika kwa maneno yake. Nikabandika na picha.

Ukurasa wa kwanza, ule wa 1972, ulinishinda. Nilitaka kuandika gari lilikotoka. Nilimuuliza baba aliuziwa bei gani na yule bwana aliyekuwa anahama. Akanitazama, akageuza uso upande wa dirisha. Labda maneno yalikataa. Labda yeye ndiye aliyekataa. Mtu anayefunga mizigo hapati bei ya haki, na karani mwenye miaka ishirini na sita aliyeipenda Safari hakuwa na sababu ya kumwongezea. Nimefikiria sana kama nipige puti mahali hapo, niandike "alinunua kwa bei nzuri" na kuendelea. Nikaandika tu: "Lilinunuliwa mwaka 1972 kwa mwenye nalo aliyekuwa anahama nchi. Bei haijulikani." Ni kiraka kibaya, lakini kinaonekana.

Mnunuzi alilichukua daftari kwa mikono miwili. Fundi mzee alikuja kusaidia kusukuma gari kwenye ubao wa lori, na baba alitolewa barazani kwenye kiti chake. Waliwasha injini mara moja, kabureta mbili zikaanza kubishana kisha zikapatana, kama kawaida yao. Baba akanyanyua kidole gumba cha kushoto.

Kurasa zilizobaki kwenye daftari ni nyingi. Sikuandika kitu humo. Yule bwana amesema akimaliza kukata na kusuka, atajaza yake.